Mgogoro wa Shamba: Wazee Wanaishia Wapi, Serikali Inaanzia Wapi?

Mgogoro wa shamba huanza mpakani, siku mtu anapokuta masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yameng'olewa au jirani amelima hatua kadhaa ndani ya eneo lake. Wa kwanza kuitwa ni wazee, na ni haki waitwe. Wao ndio wanaojua nani alifyeka pori lile, nani aliazimwa kipande alime msimu mmoja, na mto ulipita wapi kabla haujahama. Ugumu unakuja pale upande mmoja unapoukataa uamuzi wao.

Tanzania Bara, utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mzee wa ukoo ana heshima yake, lakini hana mamlaka ya kisheria ya kumnyang'anya mtu ardhi. Mila zenyewe zilibaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya serikali, na inataka kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake. Baraza hilo husuluhisha tu, halihukumu.

Asiyeridhika huenda Baraza la Kata, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halina tena uwezo wa kutoa hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30 na, ikishindikana, kutoa cheti cha kwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku hizo zikipita bila suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Ukiambiwa leo kwamba kata "imekunyima" shamba, usilihame.

Kenya imefuata njia yake. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki zilizomo katika Katiba hiyo. Hata hivyo, mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huamuliwa kwanza na Msajili wa Ardhi kabla mahakama haijausikiliza. Botswana ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya 1968, kazi ya kugawa ardhi ya kikabila ilihama kutoka kwa machifu kwenda kwa bodi za ardhi.

Kuna jambo ambalo sisi hatulilegezi kamwe. Kikao cha ukoo kikiamua kwamba mjane aondoke kwa sababu shamba ni la kaka za marehemu mumewe, uamuzi huo hauna nguvu Tanzania. Sheria ile ile ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu ilimtetea mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, ingawa mila ilimkataza kuuza ardhi ya ukoo. Mjane wa namna hiyo asibembelezwe "amalize kifamilia". Apelekwe barazani mapema.

Wazee wakifanikiwa kupatanisha, suluhu iandikwe siku hiyo hiyo: majina ya pande zote, alama za mpaka, majirani wa kila upande, tarehe, na saini au dole gumba. Wake wa wenye shamba wawepo na watie saini. Kila upande ubaki na nakala, na nyingine ipelekwe ofisi ya kijiji.

Zingatieni pia muda. Tanzania na Kenya, dai la kurudishiwa ardhi kwa kawaida hufikishwa kwenye chombo cha kisheria ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na mazungumzo ya wazee hayasimamishi hesabu hiyo. Kikao kikiahirishwa mwaka hadi mwaka huku jirani akiendelea kulima, anayepoteza ni yule anayesubiri.