Utumwa wa pwani yetu: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Watumwa wote walipelekwa Uarabuni."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana inawafuta watu walioijenga pwani yetu. Ni kweli majahazi yaliwapeleka wengi Omani, Ghuba na Uajemi. Lakini katika karne ya 19 sehemu kubwa ya waliotekwa bara waliishia hapa hapa: Unguja na Pemba kwenye karafuu, Malindi kwenye mtama, Pangani kwenye miwa. Karafuu si zao la asili ya visiwa. Ilipoanza kuenea, Sultani Seyyid Said wa Omani na Zanzibar akiihimiza, mashamba yalitaka watu, na misafara ikazidi kuingia ndani, hadi Ziwa Nyasa na Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Wayao, Wanyasa, Wamanyema na Wazaramo waliochuma karafuu ile wameacha vizazi, na vizazi hivyo ni sehemu ya Wazanzibari wa leo. Lugha nayo haijasahau: mtwana (mtumwa mwanamume), mjakazi (mtumwa mwanamke), suria (mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake), mzalia (aliyezaliwa utumwani). Kila neno lilikuwa cheo cha mtu.

"Ilikuwa biashara ya Waarabu tu."

Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, vilivyohitaji watu wa mashambani. Wareno walisafirisha watu kutoka Msumbiji hadi Brazil. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walikopesha mitaji ya misafara, na huko bara wapo watawala waliouza mateka wa vita wapate bunduki na nguo. Hayo hayampunguzii Sultani wa Unguja lawama, kwani forodha yake ilitoza ushuru kwa kila kichwa kilichoshushwa.

"Wanaume wote walihasiwa, ndiyo maana hawakuacha kizazi huko Uarabuni."

Matowashi walikuwepo, ila walikuwa wachache. Vizazi vya Waafrika vipo Omani, Basra na kusini mwa Iran, na India wapo Masidi wa Gujarat na Karnataka.

Na wapo Wazigua wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa Tanga na Handeni katika karne ya 19, wakauzwa kwenye mashamba ya kusini mwa Somalia. Waliotoroka wakajificha misituni kando ya Mto Juba, wakalima, wakaanzisha vijiji vyao na kuendelea kusema Kizigua. Vita vya miaka ya 1990 vilipowatimua, wengi walikimbilia kambi za Kenya, na maelfu baadaye wakapokelewa Marekani. Wengine walivuka kuja Tanzania, wakakaa Chogo, Handeni, na huko wakapewa uraia. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita, na bado waliweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha ya mababu zao. Kila nikilifikiria hilo mwili unanisisimka.

"Utumwa ulikwisha 1873."

Mkataba na Waingereza wa Juni 5, 1873 ulimfanya Sultani Barghash wa Zanzibar afunge masoko ya watumwa na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kumiliki mtu kulibaki halali. Mwaka 1897 ikatoka amri mpya ya kufuta utumwa Unguja na Pemba, nayo haikumwachia mtu huru moja kwa moja: ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu. Tena alitakiwa kuonyesha ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907. Wajerumani hawakuufuta kabisa Tanganyika. Ulifutwa 1922, chini ya Waingereza.

Kisha likaja suala la ardhi. Sheria ya 1908 iliwataka watu wa pwani ya Kenya wajitokeze wadai mashamba yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Mabwana wengi wa zamani walikuwa na hati na mashahidi. Waliokuwa wamelifyeka pori lile na kulilima miaka yote hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Baadhi ya wajukuu zao mpaka leo wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye ardhi walikozikwa babu zao.