Usaili wa kampuni kubwa: alama zinapatikana wapi, zinapotelea wapi

Kampuni kubwa, iwe benki, mtandao wa simu au shirika la bima, mara nyingi haiajiri kwa maongezi ya mtu mmoja na bosi. Unakutana na jopo la watu watatu hadi watano: afisa rasilimali watu, mkuu wa kitengo chenye nafasi, na pengine mtu wa kitengo kingine kabisa. Wasailiwa wote huulizwa maswali yaleyale, na kila msaili ana karatasi yake ya alama. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka chumbani baada ya kucheka vizuri na jopo zima, akaamini kazi ni yake, na bado asiitwe. Msaili anaandika alama kwa ushahidi alioupata kwenye jibu. Unachokijua usipokisema, hakina alama.

Maswali yanayoangusha wengi ni yale yanayoanza na "Tueleze siku ambayo…". Chukua nafasi ya mhasibu. Jopo linauliza: tueleze siku uliyogundua kosa kazini, ulifanya nini? Wengi hujibu, "Mimi ni mtu makini, mchapakazi, naweza kufanya kazi kwenye presha." Sifa hizo jopo limezisikia tangu asubuhi, na hakuna hata moja inayopimika. Sasa sikiliza jibu hili:

"Nikiwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, daftari la fedha na taarifa ya benki vilitofautiana kwa shilingi 270,000. Niliona tofauti hiyo inagawanyika kwa 9, nikashuku kuna tarakimu zimepinduka, maana kosa la namna hiyo huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Nilipitia hundi moja moja, nikakuta 1,850,000 imeandikwa 1,580,000. Nilimwonyesha msimamizi, akaidhinisha marekebisho, na tukafunga mwezi kwa wakati."

Halizidi dakika moja, na ndani yake mna tatizo, hatua alizochukua mwenyewe, sababu ya kuzichukua, na matokeo. Mkuu wa kitengo anajua papo hapo kwamba huyu amewahi kusuluhisha hesabu kwa mikono yake.

Angalia pia kwamba anasema "nilipitia", si "tulipitia". Wengi tumelelewa tusijitangulize mbele za watu, na ni malezi mema, lakini jopo haliwezi kukupa alama za kazi ya kundi zima. Taja kundi mara moja, kisha eleza kipande chako.

Kabla ya siku yenyewe, andaa matukio matano au sita ya kweli: kosa ulilorekebisha, mteja mgumu, kutoelewana na mwenzako, kazi iliyokubana muda, jambo ulilojifunza haraka. Kama hujawahi kuajiriwa, field inatosha, na hata uhazini wa kikundi cha vijana msikitini au kanisani unatosha. Yaseme kwa sauti, si kichwani tu. Yaseme na kwa Kiingereza, maana usaili mwingi wa kampuni hizi hapa Tanzania huhamia huko hata kama salamu zilikuwa za Kiswahili, na hapo ndipo mtu mwenye jambo zuri anapolikatisha katikati.

Vyeti navyo. Kwenye usaili wa mashirika ya umma unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, vyeti halisi ndivyo vinavyotakiwa. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, tafuta mapema hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Mtu anaweza kurudishwa getini kwa herufi moja.

Swali la mshahara linahitaji hesabu. Ukitaja kiasi, sema ni kabla ya makato. Kwa viwango vya kodi vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mshahara wa msingi wa 1,200,000 bila posho unakatwa 120,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF (asilimia 10), na kodi ya 152,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu anakatwa asilimia 15 nyingine, yaani 180,000. Mkononi zinabaki 748,000. Anayetaja 800,000 akidhani ndizo atakazopeleka nyumbani anajipunja kabla hajaanza kazi.

Binti akiulizwa kama ni mjamzito au ana mpango wa kuolewa, ajue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamhesabu mwombaji kazi pia. Si lazima kugombana chumbani. "Saa za kazi na safari zilizotajwa kwenye tangazo nitazimudu" ni jibu kamili, linalorudisha mazungumzo kwenye kazi. Ukiombwa pesa ya fomu, ya vipimo au ya "kuharakisha faili", hao ni matapeli. Usitume hata shilingi.

Ukitoka, wapigie siku hiyohiyo wadhamini wako, yaani watu uliowataja kwenye maombi ili waulizwe habari zako. Waambie ni kampuni gani na nafasi gani, na uwakumbushe tukio ulilolieleza kama walilishuhudia. Simu ya uhakiki huweza kuingia bila taarifa, na mdhamini anayejibu "huyo nani tena?" anaweza kukukosesha nafasi ambayo jopo lilikuwa limeshakupa.