Kisima Kimepanda Mita Moja: Ardhi Imepata Maji Kiasi Gani?

Masika yakiisha, hoja inayotufikia sisi wa Bodi ya Maji ya Bonde ni ileile kuanzia Korogwe hadi Pangani: visima vimejaa, basi turuhusiwe kuongeza pampu. Nia ya wakulima ni njema. Hesabu ndiyo haiko hivyo.

Chini ya ardhi hakuna ziwa. Maji hukaa kwenye vinafasi vya udongo na nyufa za mwamba. Kisima kikipanda mita moja penye mchanga unaoachia asilimia 10 ya ujazo wake, ardhi imepata milimita 100 za maji, yaani tabaka la maji lenye unene huo. Penye mfinyanzi unaoachia asilimia 3, ni milimita 30 tu.

Kilimo nacho huchanganya hesabu. Maji ya mfereji kutoka mtoni yakizama shambani, yanaongeza akiba ya chini. Lakini uliyoyavuta kisimani, ukamwagilia, yakazama tena, ni sehemu ya ulichochukua mwenyewe. Tumeeleza mara nyingi: hayo si maji mapya.

Tunapima pia kloridi, sehemu ya chumvi iliyoyeyuka majini. Mimea hunywa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo tukilinganisha kloridi ya mvua na ya kisimani tunakadiria mvua iliyozama. Ukanda wa Tanga hatuwezi kuazima takwimu za bara, maana upepo wa bahari hutia chumvi kwenye mvua. Kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari hakifai kabisa kwa kipimo hiki. Hatari hiyo ni kubwa: kwa makadirio, kila mita ya maji baridi (yasiyo na chumvi ya bahari) iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiishusha ya juu, ya chini nayo hupungua.

Tunaomba wenye visima wapime kina, yaani umbali kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji, kabla ya masika na baada yake. Pima asubuhi kabla ya kuwasha pampu, daima kutoka alama ileile ya mdomo wa kisima, kisha andika tarehe, saa na kina. Kipimo kilichochukuliwa pampu ikifanya kazi hakitusaidii.

Vipimo hivi si vya kodi. Kibali ni jambo jingine: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kisima kirefu huchimbwa na mchimbaji mwenye leseni, na maji yake hutumika kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kuvuta maji ya kisima kirefu bila kibali ni kosa, hata kama kisima kiko shambani kwako. Ukija kuomba, leta taarifa ya uchimbaji pamoja na vipimo vyako.