Utu uzima si mwisho wa kukua
Nairobi, kama kwingineko, "samaki mkunje angali mbichi" husemwa kana kwamba mtu akishavuka utoto hakunjiki tena. Methali inahimiza malezi ya mapema, na ni sawa kabisa. Haiwahukumu watu wazima.

Mwanasaikolojia Erik Erikson (1902–1994) alieleza mwaka 1950 hatua 8 za makuzi ya kisaikolojia na kijamii, kuanzia uchanga hadi uzeeni; 3 kati yake ni za utu uzima. Kosa kubwa ni kuzichukulia kama madarasa ya shule: ukianguka, umeachwa. Kwake, kila hatua ni mvutano wa pande mbili, kama kuamini na kutoamini katika uchanga, na kinachotafutwa ni mizani. Mtoto asiyemshuku mtu yeyote hayuko salama! Tena mvutano wa zamani hurudi. Mtu wa miaka 29 anayepoteza kazi Industrial Area anaweza kujiuliza upya yeye ni nani, swali la ubarobaro, na hiyo si dalili kwamba ameharibika.

Ukitaka kujitafakari, chagua mvutano mmoja tu, tuseme kuaminiana. Andika tukio moja la utotoni na moja la mwezi huu: nani alikuwepo, ulitenda nini, leo ungetendaje? Wengi hukwama kwa kuandika sifa, "mimi ni mwoga", badala ya tendo, "nilimficha mke wangu deni la chama chetu cha akiba". Tendo lina pa kushika, waweza kulirekebisha jioni hiyo hiyo. Kumbukumbu ikikulemea au usingizi ukipotea, weka kalamu chini, umwone mshauri nasaha.