Je, Wajua? Kipimo cha Mimba Kinaweza Kumwonyesha Mwanaume Mistari Miwili

Ingia duka lolote la dawa Kisenyi au Bwaise, Kampala, na kijikaratasi cha kupimia mimba hutakikosa. Kimepangwa kaunta, jirani na Panadol na kondomu. Wanaokinunua ni wanawake, au wanaume waliotumwa wanaolipa huku wakiangalia pembeni. Lakini kijikaratasi chenyewe hakijui mkojo ni wa nani. Mwanaume akikichovya na mistari miwili ikatokea, kuna uwezekano kimesema kweli, na ukweli huo haucheki: huenda ana saratani ya korodani.

Mwishoni mwa mwaka 2012 habari moja ilizunguka sana mtandaoni: kijana alikuta kipimo cha mimba kilichoachwa na mpenzi wake wa zamani, akakikojolea kwa utani. Kikaonyesha mimba. Wenzake walicheka, ila baadhi wakamwambia aende hospitali haraka akapimwe korodani. Alipokwenda, akakutwa na uvimbe mdogo upande wa kulia.

Kijikaratasi hicho hakitafuti mtoto. Kinatafuta homoni moja tu, hCG. Kwa mjamzito, homoni hiyo hutengenezwa na seli zinazojenga kondo la nyuma, ikapita kwenye damu hadi kwenye mkojo. Kingamwili zilizopakwa kwenye karatasi zinainasa, na mstari wa pili unajitokeza. Mwanaume mwenye afya ana hCG kidogo mno, haitoshi kuchora mstari wowote.

Sasa itoke wapi kwa mtu asiye na tumbo la uzazi? Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za korodani huanzia kwenye seli za uzazi, zile ambazo kazi yake ni kutoa mbegu za kiume. Hizi si seli za kawaida kama za ngozi au ini. Zimebeba uwezo wa kuanzisha binadamu mzima, na zikiharibika, baadhi hujaribu kuujenga ujauzito vipande vipande, ovyo ovyo. Uvimbe uitwao teratoma unaweza kukutwa na gegedu ndani yake. Koriokasinoma, kali kuliko zote, ni seli za kondo la nyuma zilizoota mahali pasipo na mimba, na humwaga hCG kwa wingi. Ndiyo maana wagonjwa wengine matiti huanza kuvimba kabla hawajagusa uvimbe wenyewe.

Na seminoma? Hilo ndilo jina utakaloliona mara nyingi kwenye majibu ya maabara, kwani karibu nusu ya saratani hizi za seli za uzazi ni seminoma. Ni aina inayobaki na sura ya seli za mbegu bila kujaribu kugeuka kitu kingine. Hupenda wanaume wa miaka ya thelathini na arobaini, huenda polepole kuliko nyingine, na huyeyuka kirahisi kwa mionzi. Madaktari hulitumia neno hili kwa ukali: ukikutwa uvimbe wenye mchanganyiko wa aina hizi, hata kama sehemu kubwa ni seminoma, unahesabiwa kuwa si seminoma na matibabu yanabadilika. Tena damu ikionyesha protini iitwayo AFP imepanda kutokana na uvimbe huo, daktari hakubali kuuita seminoma tupu hata hadubini ikisema hivyo. Saratani ya mwendesha baiskeli Lance Armstrong, iliyogunduliwa mwaka 1996 ikiwa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo, ilikuwa ya mchanganyiko, na koriokasinoma ilikuwamo. Akapona kwa upasuaji na dawa.

Hapa niseme wazi, maana najua kuna atakayekimbilia dukani: mstari mmoja haumaanishi uko salama. Ni seminoma chache tu zinazotoa hCG. Vidole vyako ni kipimo bora zaidi. Baada ya kuoga maji ya moto, viringisha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Unatafuta kinundu kigumu ndani ya korodani yenyewe, na mara nyingi hakiumi. Kutouma huko ndiko kunakowaponza watu.

Uganda saratani hii ni nadra. Wanaoongoza duniani ni watu wa Ulaya ya kaskazini, kama Norwei na Denmaki. Kwetu uvimbe wa mfuko wa korodani humfanya mtu afikirie busha kwanza, hasa upande wa Lango, kaskazini mwa nchi, ambako minyoo ya matende imekuwepo muda mrefu. Si wazo baya. Muuguzi akizima taa na kuweka tochi nyuma ya mfuko, maji ya busha hupitisha mwanga ukaona wekundu. Uvimbe mgumu hubaki giza. Ila saratani nayo inaweza kuzungukwa na maji, kwa hiyo tochi haitoshi, inatakiwa picha ya ultrasaundi.

Ikithibitika, njia ya kawaida ni kuondoa korodani kwa kupasua kinena, si mfuko, ili seli za saratani zisimwagike kwenye mfuko na kusambaa kwa njia nyingine. Korodani inayobaki kwa kawaida hutosha kwa homoni na kwa watoto. Kwa matibabu zaidi, wengi huelekezwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Mashine ya mionzi, ambayo seminoma inaiogopa sana, ilikuwa moja tu nchini ilipoharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa mapema 2018.

Baada ya upasuaji ile hCG inapata kazi ya pili. Kwenye damu hupungua nusu kila baada ya siku moja hadi moja na nusu, kwa hiyo daktari hupima tena na tena. Ikishuka kwa mwendo huo hadi kiwango cha kawaida, ni dalili njema. Ikikwama njiani au ikaanza kupanda, kuna seli zilizobaki mahali pengine mwilini, pengine miezi kabla picha haijaziona.