Sensa ya bei chee inagundua ubovu wa mashine

Ile meseji ya kwenye magrupu eti sensa ya mtetemo ya bei chee haigundui ubovu wa mashine, mpaka kifaa cha mamilioni, sio kweli jamani. Mota ya kusagia unga ikizunguka mara 1,450 kwa dakika ni kama mara 24 kwa sekunde, na ADXL345, sensa ndogo ya bei chee ya kupima mtetemo, inasoma mpaka mara 3,200 kwa sekunde, so puli ikipoteza balansi utaona tu. Watu wanachanganyikiwa sababu wanaibandika kwenye kava la bati inasoma kelele, ifunge kwa bolti karibu na beringi. Ila beringi inayoanza tu kuchubuka sensa hii inaweza isiione, hilo kweli. Jaribu na feni ya mezani: rekodi mtetemo, zima, bandika selotepu kwenye panga moja, washa, rekodi tena, linganisha. Ikikufikia tena usiiforwadi, wenye mashine wanaiamini wanakaa mpaka mota inaungua.