Acheni kusema "ni uzee tu": maswali na majibu kwa waliovuka miaka 40

Kliniki zetu hapa Kigoma hupokea watu wazima kutoka Ujiji, Mwandiga, Kibirizi, na wengine wanaokuja kwa boti kutoka vijiji vya mbali vya mwambao wa ziwa. Wengi wao wakiulizwa kwa nini wamechelewa hujibu hivi: "Nilijua ni uzee tu." Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia, na nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wenyewe.

Swali: Nitajuaje kwamba nimeanza kuzeeka?

Utajua tu. Meseji ya muamala ikiingia, unaisogeza simu hadi mkono unaishia. Unamwita mjukuu akutungie uzi kwenye sindano. Unachambua mchele kwa makini, halafu mezani watu wanang'ata mawe. Ukitoka kwenye mkeka unatafuta kwanza ukuta wa kushika. Kwenye daladala mtu uliyemdhani rika lako anakupa shikamoo na kukupisha kiti. Mvi, makunyanzi, usingizi kuwa mwepesi, yote hayo ni kawaida na hayahitaji dawa. Mvi zisikupeleke hospitali. Yanayofuata ndiyo yakupeleke.

Swali: Kwa nini siwezi tena kusoma herufi ndogo?

Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujirekebisha kuona vitu vya karibu. Humpata karibu kila mtu. Miwani ya kusomea inatosha.

Swali: Basi si ninunue tu kwa machinga pale sokoni?

Kapimwe macho kwanza, miwani baadaye. Nasisitiza kwa sababu miwani ya sokoni humfanya mtu aridhike, na akisharidhika haji tena.

Kuna magonjwa mawili yanayojificha nyuma ya maneno "macho yamezeeka". La kwanza ni mtoto wa jicho: lenzi hupata ukungu, ukawa unaangalia dunia kupitia kioo cha chemli kilichojaa moshi. Miwani haiondoi ukungu huo, wala dawa ya matone haiuondoi. Kinachouondoa ni upasuaji. Lenzi iliyoharibika hutolewa, ikawekwa ya bandia, na wagonjwa wengi hawalali hata wodini. Nimeona bibi anafunguliwa bandeji, anamtazama mwanawe wa kiume, anamuuliza, "Na wewe umeota mvi lini?" Alikuwa ameishi gizani miaka, na watoto wake walikuwa wanamshika mkono kumpeleka chooni wakiamini ndio uzee wenyewe.

La pili ni presha ya macho, na hili ndilo linaloniuma. Aina tunayoiona zaidi haiumi wala haiwashi. Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, kuanzia pembeni, mtu akaendelea kuona mbele yake vizuri. Mzee mmoja mvuvi alikuja akilalamika anajigonga kwenye milango na kukanyaga nyavu za wenzake. Nikamwomba azibe jicho moja kwa kiganja. Akaziba, akanyamaza, kisha akasema, "Daktari, umezima taa?" Taa ilikuwa inawaka. Jicho lake la pili lilikuwa limekufa siku nyingi, naye hakujua kwa sababu hajawahi kuliziba lile zima.

Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi, hata kwa upasuaji. Dawa za matone zinalinda kilichobaki, kwa hiyo anayewahi hubaki na kingi. Kama mzazi au ndugu yako wa damu ana ugonjwa huu, wewe usingoje dalili, nenda kapimwe.

Swali: Nimekula mawese tangu utoto. Macho yangu si yamekingwa?

Mawese mekundu yanaupa mwili vitamini A, na ni kweli upungufu wake huleta upofu wa usiku. Endelea kula, kwa kiasi. Lakini mawese hayazuii mtoto wa jicho wala presha ya macho.

Swali: Kuna majani tunakamulia jichoni, yanasafisha ukungu. Yana ubaya?

Yana ubaya mkubwa. Ukungu wa mtoto wa jicho uko ndani ya jicho, maji ya majani hayafiki huko. Yanachofanya ni kuchoma kioo cha mbele na kuingiza vijidudu, kikaota kidonda, kikaacha kovu jeupe. Mtu aliyekuwa na ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi anapoteza jicho kabisa. Msitie majani jichoni. Wala maziwa ya mama, wala asali, wala mkojo.

Swali: Naamka kukojoa usiku mara tatu, nne. Ni umri?

Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa tezi dume kwa mwanaume, au maambukizi ya njia ya mkojo. Pima, utajua. Kuacha kunywa maji kutwa nzima, kama wengi mnavyofanya, si tiba. Na mkojo ukiziba kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Swali: Magoti yananiuma nikipanda mlima. Vidonge vya dukani vinanisaidia.

Magoti kusagika huja na umri, na uzito mkubwa huongeza. Tatizo langu ni hivyo vidonge. Diklofenaki na ndugu zake si vya kumeza kila asubuhi kwa miezi. Vinatoboa tumbo, vinaumiza figo, vinapandisha presha. Ukiona choo cheusi tii baada ya kuvitumia, njoo siku hiyohiyo. Mwambie anayekutibu umekunywa nini na kwa muda gani, usimfiche.

Swali: Nilishakoma hedhi, sasa damu imetoka kidogo. Wenzangu wanasema ujana umerudi.

Haujarudi, mama yangu. Haurudi.

Mwanamke akimaliza mwaka mzima bila hedhi, damu yoyote inayofuata ukeni lazima ichunguzwe. Nimesema yoyote: hata tone moja, hata iliyotoka mara moja ikakauka, hata inayokuja baada ya tendo la ndoa tu. Wakati mwingine chanzo ni ukavu au kivimbe kisicho na madhara. Lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi, na ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Swali: Lakini haiumi, na imeshaacha.

Nenda. Saratani hizi hazianzi kwa maumivu. Zikifika kuuma kiuno na kutoa uchafu wenye harufu, mara nyingi zimeshasambaa, na ndipo wanapoletwa, wamekonda, wamejifunga khanga tatu kuficha harufu. Nikiuliza ilianza lini, naambiwa mwaka jana. Mwaka mzima mama anaona aibu kumwambia mtu, dada zake wanampa mizizi achemshe, na hakuna aliyemwambia apande mezani apimwe. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Kama unaona haya kwa mwanaume, omba muuguzi wa kike. Nenda wiki hii.

Swali: Baba ameamka mdomo umeenda upande na mkono mmoja hauna nguvu. Tumsubiri apumzike?

Hapana. Hicho ni kiharusi, ubongo unakufa wakati nyinyi mnamsubiri. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msimpeleke kwanza kwa mganga eti amepitiwa na jini, mkaja kwetu siku ya tatu. Msimpe uji, maji wala kidonge mdomoni, maana koo linaweza kuwa limelegea na kila kitu kikaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu na mkumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu tutawauliza.

Swali: Baada ya nusu saa amerudi kawaida, anaongea vizuri.

Mpelekeni vilevile. Kuna kiharusi kinachopita, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya kukizuia, na ndiyo familia nyingi zinaipoteza kwa sababu mzee ameomba chai na kusema yuko sawa.

Swali: Mimi sijisikii chochote. Nipime presha ya nini?

Kwa sababu presha ya damu haisikiki. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, una presha, hata kama una nguvu za kulima. Ukipewa dawa, meza kila siku. Mgonjwa anameza mwezi, anapima, anaambiwa 125/80, anafurahi na kuacha akidhani amepona. Dawa ndiyo iliyoishusha! Ukiiacha inapanda. Na chumvi ipunguzeni. Dagaa waliotiwa chumvi waloweke, mwaga maji, ndipo upike bila kuongeza nyingine.

Swali: Mama anasahau sana siku hizi.

Kusahau alikoweka funguo si kitu. Kupotea njia ya nyumbani kwake, au kubadilika ghafla ndani ya siku mbili akawa haeleweki, ni ugonjwa. Hili la ghafla liharakisheni zaidi: kwa mtu mzima huenda ni malaria, maambukizi au sukari. Wala si mchawi. Msimnyooshee mama yenu kidole.

Swali: Mzee anakataa, anasema hatuna hela.

Kwa sera ya nchi, wazee wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ombeni barua au kitambulisho kupitia serikali ya mtaa au kijiji mapema, kabla ya ugonjwa, kisha mkifika ulizeni dirisha la wazee. Anayetoka mbali kama Kalya au Buhingu aanze zahanati ya karibu apimwe presha na sukari, na akihitaji kuja mjini, hospitali ya mkoa ya Maweni, aje na barua ya rufaa. Aje asubuhi kabla hajala, ili sukari ipimwe vizuri, isipokuwa kama anatumia dawa za sukari: huyo aulize kwanza zahanati. Na mfukoni abebe dawa zake zote, na ile mizizi anayochemsha pia.